Nafsi ya Kwanza na Bunduki: Historia ya Mchezo Mmoja, Ikitazamwa kutoka Nakasero

UTANGULIZI

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mjini Kampala hukutana na maswali ambayo hayakuandikwa katika muhtasari wa masomo. Swali moja la namna hiyo lilinifikia nilipokuwa nikieleza nafsi tatu za vitenzi katika darasa lililo chini ya kilima cha Nakasero. Nilikuwa nimekwisha andika ubaoni ni-, u- na a-, nikasema kwamba nafsi ya kwanza ni ya anayesema, ya pili ni ya anayesemeshwa, na ya tatu ni ya anayesemwa. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, ile michezo ya bunduki ya kompyuta, ambayo humwoni mpigaji ila mikono yake tu, je, nayo ni ya nafsi ya kwanza?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana niling'amua kwamba kijana yule alikuwa amelielewa somo kuliko nilivyolifundisha. Michezo hiyo ndiyo hasa inayoitwa duniani kote kwa jina lililotolewa katika sarufi: michezo ya nafsi ya kwanza.

Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana huyo kwa kirefu. Yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza jinsi mchezo huo ulivyoanza kama jaribio la vijana wachache na ukaja kuwa mfano wa kuigwa na ulimwengu mzima. Pili, kutazama maana ya mchezo huo kwa watu wa mji ambao umesikia bunduki za kweli. Tatu, kuwapendekezea walimu wenzangu namna ya kulizungumza jambo hili darasani kwa Kiswahili sahihi. Huenda wapo watakaosema kwamba mambo ya michezo ya watoto hayastahili nafasi katika jarida la walimu. Nawaomba wavumilie hadi mwisho, kisha wahukumu.

MCHEZAJI ALIPOKUWA JUU YA UWANJA

Michezo ya vita si migeni kwetu. Katika Buganda wazee wamecheza omweso tangu enzi za wafalme wa kale, na katika pwani ya Waswahili watu wamecheza bao. Michezo hii miwili ni ndugu. Kila mmoja una ubao wenye safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na jumla ya kete 64. Mchezaji hushambulia, hula kete za mwenzake, hulinda zake, na hushinda kwa kumwishia mwenziwe nguvu. Hii ni vita kamili, ila haina damu.

Hata hivyo, tutazame mchezaji ameketi wapi. Yu nje ya uwanja, naye anautazama kutoka juu. Anaziona kete zake zote na za adui zote. Yeye ni kama jemadari aliye kilimani, si askari aliye bondeni. Kete ikiliwa, haliwi yeye. Kwa lugha ya sarufi tungesema kwamba vita vya bao husimuliwa kwa nafsi ya tatu: hizi zimekwenda, zile zimeliwa, wale wamekwisha.

Michezo ya kwanza ya kompyuta iliyopata kujulikana nayo ilifuata desturi hiyo. Mchezaji aliuona uwanja wote mbele yake kama mtu atazamaye ramani. Mabadiliko makubwa yaliyofuata hayakuwa ya silaha wala ya rangi. Yalikuwa mabadiliko ya mahali pa kusimama. Mchezaji aliteremshwa kutoka kilimani akatiwa ndani ya uwanja, akapewa macho mawili ya askari, na asione tena ila kile ambacho askari angeweza kukiona.

MZINGILE WA MWAKA 1973

Jambo hilo lilifanyika kwanza katika jimbo la California, Marekani, katika kituo cha utafiti cha Ames cha shirika la anga za juu, NASA. Mwaka 1973 vijana watatu waliokuwa wakifanya kazi hapo, Steve Colley, Greg Thompson na Howard Palmer, walikuwa wakijaribu uwezo wa kompyuta ndogo za aina ya Imlac PDS-1, ambazo ziliweza kuchora mistari juu ya kioo. Colley alitengeneza programu iliyochora mzingile, yaani njia nyingi zenye kona na vichochoro vinavyompotosha mtu, kama ule ambao wazee wetu waliuita mzingile mwambiji. Mtazamaji hakuuona mzingile huo kutoka juu. Aliuona kama mtu aliyesimama ndani yake: kuta kuume na kushoto, na njia ikifinyana kadiri inavyokwenda mbali. Aliweza kwenda mbele na kurudi nyuma, na kugeuka kwa robo ya duara tu.

Mwanzoni mchezo ulikuwa huo tu: tafuta njia ya kutokea. Haukupita muda mrefu ukachosha. Ndipo wakaona kwamba wangeweza kuziunganisha kompyuta mbili kwa waya, ili watu wawili waingie katika mzingile mmoja na kila mmoja amwone mwenzake. Wazo la kupigana risasi likaja baada ya hapo. Nawaomba wasomaji waushike mfuatano huo, kwani una fundisho: kwanza mtu mmoja peke yake, kisha watu wawili wakionana, na mwisho bunduki.

Mwaka 1974 Thompson aliuchukua mchezo huo akaenda nao katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT. Huko uliongezwa nguvu hata watu wanane wakaweza kucheza pamoja, na ukapita katika mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Dave Lebling aliongeza wachezaji wa bandia waliotembea wenyewe bila mtu. Mchezo ukajulikana kwa jina la Maze War, nasi tungeuita Vita vya Mzingile.

Jambo moja la mchezo huo lastahili kukumbukwa. Kompyuta za siku hizo hazikuweza kuchora mwili wa mtu vizuri. Kwa hiyo mpinzani alichorwa kama jicho: jicho kubwa, la mviringo, likielea katika kichochoro. Mchezaji alipokunja kona hakumkuta shetani wala zimwi. Alikuta jicho linalomtazama. Naye alijua kwamba nyuma ya jicho lile yuko mtu aliyeketi chumba cha pili, ambaye wakati huo huo analiona jicho lake yeye.

KUTOKA KIFARU HADI SELI

Miaka iliyofuata wazo hilo lilitoka katika vyuo likaingia sokoni. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa Battlezone, uliotengenezwa na Ed Rotberg, ambamo mchezaji hutazama nje kutoka ndani ya kifaru. Jeshi la Marekani likavutiwa, likaomba litengenezewe mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya kuwazoeza askari wake. Rotberg hakuifurahia kazi hiyo. Aliikubali kwa sharti kwamba asipewe tena kazi ya kijeshi. Tangu mwanzo basi, waliouunda mchezo huu walijua kwamba mpaka kati ya mchezo na vita ni mwembamba.

Mwaka 1981 ulitoka mchezo wa Castle Wolfenstein, wa Silas Warner, juu ya mfungwa anayejaribu kutoroka katika ngome ya Wanazi. Mchezo huo ulionyesha vyumba vya ngome na mfungwa ndani yake, naye mchezaji akimwona mfungwa kwa nje. Miaka 11 baadaye, mwezi Mei 1992, kampuni changa ya id Software ya Texas iliichukua hadithi ile ile ikaisimulia upya katika Wolfenstein 3D. Sasa mfungwa hakuonekana tena. Mchezaji alifungua macho akajikuta yeye mwenyewe yumo katika seli, mlinzi mmoja amelala maiti sakafuni, na mlango uko mbele yake. Hadithi ni moja, ngome ni moja, lakini 'yeye' amekuwa 'mimi'.

DOOM

Tarehe 10 Desemba 1993 kampuni hiyo hiyo ilitoa mchezo wa Doom, nao ndio uliozifanya juhudi zote za nyuma kuwa utangulizi tu. Watengenezaji wake walikuwa wachache mno ukilinganisha na sifa waliyoipata: miongoni mwao John Carmack, aliyeandika programu, John Romero, aliyebuni ramani na kuandika programu pia, Adrian Carmack, mchoraji, ambaye si ndugu wa John, na Sandy Petersen, aliyebuni ramani nyingi. Tom Hall, aliyekuwa ameandika hadithi ndefu ya mchezo huo, aliondoka kabla haujakamilika, na sehemu kubwa ya hadithi yake ikaachwa.

Hadithi iliyobaki ni fupi. Askari mmoja yuko katika miezi ya sayari ya Mars, mashetani wamefungua mlango kutoka jehanamu, wenzake wote wamekufa, naye hana budi kupigana peke yake. Askari huyo hana jina. Tena mchezaji hauoni mwili wake. Anaiona bunduki yake katikati ya kioo, na chini kabisa anauona uso mdogo wa mtu. Kadiri anavyojeruhiwa, uso ule huvimba na kutoka damu. Ndicho kioo pekee cha kujitazamia alichopewa.

Ujuzi uliotumika ulikuwa mkubwa, nao waweza kuelezwa kwa maneno ya kawaida. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na nguvu ndogo sana. Hazikuweza kuchora kila ukuta wa jengo kila mara mchezaji anapogeuza kichwa. Carmack aliigawa ramani mapema katika vipande, kila kipande kikigawanywa tena viwili, hata kompyuta ikajua upesi kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, na ikaviacha vile vinavyofichwa na vingine. Ni kama mtu anayeishi katika mtaa wake kwa miaka mingi: hahitaji kuitazama miji yote ili ajue nyumba ipi inaizuia ipi. Ujanja huo ulikuwa na mipaka yake. Katika Doom chumba hakiwezi kuwa juu ya chumba kingine, kwa kuwa ramani yenyewe ilichorwa bapa. Lakini mchezaji hakuyaona hayo. Aliona ngazi, giza, mabwawa ya sumu na taa zinazozimika ghafla, akaogopa.

Baadhi ya mashetani walifinyangwa kwanza kwa udongo, wakapigwa picha kutoka pande mbalimbali, kisha picha zikatiwa katika kompyuta. Mafundi wa vinyago wa Afrika Mashariki wangeitambua kazi hiyo.

Njia ya kuueneza nayo ilikuwa ya kijasiri. Sehemu ya kwanza, yenye ramani tisa, ilitolewa bure, na kila mtu akaruhusiwa kumpa mwenziwe. Aliyetaka sehemu mbili zilizosalia alizinunua. Mchezo uliwekwa katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ili watu wauchukue, na wingi wa waliokuwa wakingoja ulizidi uwezo wa kompyuta hiyo. Katika muda mfupi watu wanne wanne walikuwa wakiwindana katika mitandao ya ofisi na vyuo, hata baadhi ya makampuni na vyuo vikuu vikaupiga marufuku kwa sababu uliziba njia za mawasiliano.

Jambo lililoupa maisha marefu ni kwamba watengenezaji waliziweka ramani na picha katika faili za peke yake, ili mtu yeyote aweze kutengeneza zake. Mwezi Desemba 1997 waliitoa hadharani hata programu yenyewe. Maelfu ya vijana duniani walijifunza ufundi wa kompyuta kwa kuubomoa mchezo huo na kuujenga upya. Kwa miaka kadhaa michezo yote iliyofanana nao iliitwa nakala za Doom tu; baadaye ndipo jina la 'nafsi ya kwanza' liliposhika.

MCHEZO UNAPOTOKA NJE YA KIOO

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwaka 1996 wanajeshi wa Marine wa Marekani waliuchukua mchezo wa Doom II, wakawaondoa mashetani, wakaweka askari wa kibinadamu mahali pao, wakautumia kuwazoeza askari wanne wanne kushirikiana vitani. Mwaka 1999 wanafunzi wawili waliwaua watu 13 katika shule ya sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado. Ilipojulikana kwamba walikuwa wakiucheza mchezo wa Doom, mjadala mkali ulizuka: je, mchezo humfanya mtoto kuwa muuaji?

Wataalamu wamebishana juu ya swali hilo kwa miaka mingi. Mamilioni ya watu wamecheza michezo hiyo bila kumdhuru hata jirani, na nchi nyingi zenye wachezaji wengi zina mauaji machache ya bunduki. Kwa hiyo si haki kumbebesha mchezo dhambi yote. Lakini mwalimu ana swali lake jingine, dogo zaidi na lililo karibu naye zaidi: mchezo huu humzoeza mtoto kumtazama mwenziwe kwa jicho gani? Katika mzingile wa 1973, aliyekuwa mbele ya bunduki alikuwa jicho, yaani mtu. Katika Doom, mchezaji achezapo peke yake, aliyeko mbele ya bunduki ni shetani, na shetani haulizwi jina. Na wanajeshi walipotaka kuutumia mchezo kwa kazi yao, ilitosha kubadili picha tu. Mahali pa shetani palikuwa wazi, panangoja mtu awekwe.

KILIMA CHA NAKASERO

Sasa tugeukie kilima chetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watawala Waingereza walihamisha makao yao kutoka Old Kampala wakaja Nakasero, na tangu hapo kilima hiki kimekuwa cha serikali. Juu kuna Ikulu, chini kuna soko, na kati kuna ofisi, mabalozi na Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa. Lakini watu wa umri fulani wanaposikia jina la Nakasero, hawakumbuki mboga wala tamthilia. Wanakumbuka makao ya idara ya upelelezi ya Idi Amin, iliyoitwa State Research Bureau, iliyoundwa mwaka 1971, ambayo jengo lake lilikuwa kilimani hapa karibu na Ikulu. Watu waliingizwa humo katika magari, na wengi hawakutoka. Majeshi ya Tanzania pamoja na wakombozi wa Uganda walipouteka mji wa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, waandishi wa habari walioingia katika jengo lile walikuta maiti, na watu wachache waliosalimika.

Kwa mwalimu wa Kiswahili historia hiyo ina uchungu wa pekee, kwa maana lugha yetu ilikuwamo. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi katika Uganda tangu wakati wa ukoloni. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 kipewe nafasi kubwa zaidi, Waganda wengi walikipinga, na Kabaka Daudi Chwa aliandika mwaka 1929 dhidi ya mpango huo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikiondoa katika shule. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na basi watu wakazidi kukihesabu kuwa lugha ya watu wa Amin. Wanajeshi wa Tanzania waliokuja 1979 walizungumza Kiswahili cha namna nyingine, nao raia wa Kampala wakawaita 'bakombozi'; lakini amani haikudumu, na vizuizi vya barabarani vikarudi.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wakati huo. Maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyoyasikia maishani sikuyasikia shuleni. Niliyasikia katika kizuizi cha barabarani, nikiwa nimeshikwa mkono na baba yangu: simama, toka, lala chini, leta. Yote yalikuwa katika hali ya kuamrisha, na yote yalitoka kwa mtu mwenye bunduki. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba Kiswahili hakina kitenzi kisichokuwa amri. Baba hakupata kukisema hadi alipofariki, ingawa alikifahamu. Nilipomwambia kwamba nimechagua kukifundisha, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa Luganda kama lugha hiyo ina neno la kuomba radhi.

Katiba ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hizo ni hatua za kufurahisha. Lakini sheria huweza kuipeleka lugha darasani tu. Kuipeleka moyoni ni kazi ya mwalimu. Kwa sababu hiyo, kijana aliponiuliza habari za michezo ya bunduki kwa Kiswahili, nilishtuka. Nilijiuliza: je, tumekitoa Kiswahili katika mtutu wa bunduki kwa jasho jingi, sasa tukirudishe huko kwa mchezo?

WALIOUTAZAMA MCHEZO KUTOKA UPANDE WA PILI

Jibu nililipata kwa kuwatazama vijana wa sehemu zetu wanavyoupokea mchezo huu. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Kenya ilitoa mchezo wa nafsi ya kwanza uitwao Nairobi X, ambamo mchezaji anaulinda mji wa Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka sayari nyingine. Ulikuwa ushahidi kwamba ufundi huu si mali ya Wamarekani peke yao.

Habari ya Lual Mayen ni nzito zaidi. Alizaliwa wazazi wake walipokuwa wakikimbia vita vya Sudan kutoka sehemu za Bor, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Huko aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007, katika mahali pa kuandikisha wakimbizi. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu hadi akazipata dola 300 za kumnunulia kompyuta yake. Umeme haukuwapo kambini. Kijana alikuwa akitembea kwa miguu saa tatu ili aende kuitia moto. Alijifundisha mwenyewe, na katika kompyuta hiyo aliucheza mmoja wa ile michezo maarufu ya magari, majambazi na bunduki. Alipofikiri juu ya vijana wenziwe waliokulia vitani, aliamua kutengeneza mchezo wa kinyume chake. Akauita Salaam, yaani amani. Kwa kuwa intaneti ilikuwa haba, mchezo huo ulipitishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Baadaye alihamia Marekani, akaunda kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 akatunukiwa katika sherehe za tuzo za michezo ya kompyuta, The Game Awards.

Katika Salaam mchezaji hapewi bunduki. Anapewa miguu. Anakimbia mabomu, anatafuta maji, chakula na dawa. Lual Mayen hakuikataa kanuni ya mchezo wa kivita, ile ya kumtia mchezaji ndani ya vita. Aliigeuza tu: akamtia mahali pa yule anayefyatuliwa. Naye aliweza kufanya hivyo kwa kuwa mahali hapo alipajua.

SUALA LA LUGHA

Tukitaka kuyazungumza haya na wanafunzi, hatuna budi kuwa na maneno. Nimepata kusikia tafsiri isemayo 'mchezo wa mtu wa kwanza'. Tafsiri hiyo haifai. Mtu wa kwanza ni Adamu, au ni yule aliyefika kabla ya wengine. Sarufi yetu ina neno lake la siku nyingi, nalo ni nafsi. Kwa kupiga risasi, tuna neno shabaha; husemwa kupiga shabaha, na mtaalamu wa kazi hiyo ni mlenga shabaha. Kwa hiyo napendekeza tuseme 'mchezo wa shabaha wa nafsi ya kwanza'. Kwa njia zenye kupotosha tuseme mzingile. Kuhusu chombo chenyewe, wapo wanaotumia tarakilishi na wapo waliopata kupendekeza ngamizi; mimi nimefuata kompyuta, kwani ndilo neno wanalolijua wasomaji walio wengi.

Lakini sarufi ya Kiswahili inatupa zaidi ya jina. Inatupa somo zima. Tazama viambishi vya nafsi katika umoja. Nafsi ya pili ikiwa mtenda ni u-, ikiwa mtendwa ni -ku-: unaona, ninakuona. Nafsi ya tatu ikiwa mtenda ni a-, ikiwa mtendwa ni -m-: anaona, ninamwona. Zote mbili hubadilika sura. Nafsi ya kwanza haibadiliki: ninaona, ananiona. Awe ametenda au ametendwa, 'mimi' ni ni. Kiambishi ni kile kile, kimehama mahali tu.

Baada ya swali la yule kijana, niliwapa wanafunzi zoezi. Waliandika sentensi tatu za mchezo wanaoujua: "Nilimwona mlangoni. Nikamlenga. Nikampiga." Waliziandika upesi kwa furaha, na wengine waliongeza milio ya risasi. Kisha nikawaambia waziandike tena, ila sasa asemaye awe ni yule wa mlangoni: "Uliniona mlangoni. Ukanilenga. Ukanipiga." Darasa lilipoa. Msichana mmoja alisema kwamba sentensi ya mwisho haiandikiki, maana aliyepigwa hawezi tena kusema. Nikamwambia kwamba sarufi inairuhusu, ila maisha ndiyo hayairuhusu, na kwamba juu ya kilima hiki kuna sentensi nyingi za namna hiyo ambazo hazikupata msemaji.

HITIMISHO

Tumeona basi kwamba mchezo wa nafsi ya kwanza ulianza kama jaribio la kumwingiza mtu ndani ya mzingile, ukakua kwa akili na juhudi za watu wachache, na mwaka 1993 ukafikia kilele ambacho michezo mingi ya leo bado inakitazama. Ufundi wake unastahili kusifiwa, nasi tungependa vijana wetu waujue, hata wawe watengenezaji na si wanunuzi tu. Kuwakataza hakutafaa kitu; wanaucheza, na wataendelea kuucheza.

Linalofaa ni kuwapa lugha ya kuufikiria. Kiswahili kilichoogopwa Nakasero kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha peke yake, kilichokuwa na mtu mmoja anayesema na wengine wote wamelala chini. Darasa laweza kuzirudisha nafsi zote tatu mahali pao, na kumpa kila mmoja zamu ya kusema ni.

Yule kijana aliyeuliza swali aliniletea daftari lake mwishoni mwa juma. Alikuwa ameliendeleza zoezi bila kuambiwa. Baada ya "Uliniona mlangoni" alikuwa ameifuta "Ukanilenga", na mahali pake akaandika: "Ukaniuliza jina langu." Nilimsahihisha kosa moja la tahajia, nikampa alama zote. Na kama baba yangu angalikuwa hai, ningalimsomea, kisha ningalimwambia kwamba neno alilolitafuta limo katika lugha hii: samahani.